Mgeni Hakopeshwi Mizizi

Miche ilikuwa saba, na ilisimama kwa mstari. Mstari huo ndio uliomfanya Abdulrahmani Mchopa achuchumae katikati ya muhogo na kusahau kilichomleta bondeni. Korosho iliyodondoshwa na popo huota itakapo: njiani, kichakani, juu ya kichuguu. Haijui jirani yake yuko wapi. Hizi zilijua. Kati ya mche na mche paliachwa nafasi ya mkorosho mzima kutandaza matawi bila kugombana na mwenziwe, na kila mche ulizungushiwa miiba ili mbuzi wasiuguse. Majani machanga yalikuwa bado na ile rangi ya shaba ambayo mtu asiye na shamba huiona nzuri.

Abdulrahmani hakuiona nzuri. Aliitazama miche ile kama mtu atazamavyo nyayo za viatu asivyovijua mlangoni pake.

Shamba lilikuwa lake. Muhogo ulikuwa wa Modesta, mwanamke wa Kimakonde aliyevuka Ruvuma mwaka juzi, mtoto mgongoni na jembe begani, akikimbia vita vya ng'ambo. Kipande hiki Modesta alikopeshwa na Abdulrahmani kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya balozi wa nyumba kumi, kwa masharti ambayo kila mtu wa Namtunda huyajua bila kuandikiwa. Mgeni hulima kinacholiwa kikaisha: muhogo, mtama, kunde, choroko. Hapandi mti. Muhogo hung'olewa na ardhi ikabaki vilevile. Mkorosho huishi kuliko aliyeupanda, na kwa desturi ya pwani hiyo mti ni wa mkono ulioupanda, hata ukisimama juu ya ardhi ya mwingine. Ukishazaa haung'olewi tena. Mwenye ardhi ataishi na mwenye mti kama mtu na mkwewe, kwa adabu na bila raha. Ndiyo maana wazee walisema mgeni hukopeshwa udongo, hakopeshwi mizizi.

Angeweza kuing'oa papo hapo. Hapakuwa na mtu. Lakini desturi ilikuwa na mlango wa nyuma pia: anayeng'oa mti kwa siri amekiri kwamba mti una mwenyewe. Alisimama, akajipangusa magoti, akashika njia kwenda kwa balozi.

Shabani, balozi wa nyumba kumi, alikuwa barazani kwake akiziba pancha ya baiskeli. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Huenda ni popo," alisema.

"Popo wa nchi gani anayepanda kwa mstari?"

"Wa Kireno. Hukusikia? Wanasema hata kuku wa yule mama huwika Kireno. Popo wake watashindwaje kupiga mstari?"

"Balozi, mimi sikuja kucheka."

"Najua. Hujawahi kuja kucheka tangu nikujue." Shabani alitia mpira ndani ya bakuli la maji, akatazama mapovu. "Basi tumwite. Ijumaa, baada ya sala. Aulizwe mbele ya watu."

Kucheka kulikuwa kwepesi kwa Shabani, ambaye hakuwa na ardhi ya kukopesha. Abdulrahmani aliitazama hesabu ya wageni kwa jicho kavu. Kabla vita havijaanza ng'ambo, vijana wa Namtunda walipalilia mikorosho kwa ujira waliojipangia wenyewe. Wakimbizi walipofika wakaipalilia kwa sahani ya ugali, na vijana, baada ya kununa msimu mmoja, wakaenda Mtwara kubeba magunia bandarini. Kisimani foleni ya ndoo ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Dawa za zahanati ziliisha kabla ya mwezi kuisha. Kwa upande wa pili, msitu uliokuwa maficho ya nguruwe ulikuwa sasa mashamba, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuna korosho safi kama za msimu uliopita. Pande zote mbili alizijua, kwani alijivunia kutoongozwa na moyo. Hata hivyo mtu anaweza kujua pande mbili za kitu na bado akalalia ubavu mmoja. Tangu ndege ya Wareno ipite chini juu ya mto, aliyewasha moto mchana aliulizwa kwa nini, na mgeni aliyepotea njia aliulizwa mara mbili. Yeye alikuwa miongoni mwa waulizaji.

Tena shamba hili hakulirithi kwa baba. Lilikuwa la mjomba wake Abeid, na mjomba alipofariki likaja kwake, mtoto wa dada, kama desturi ya ukoo ilivyotaka. Mjane, Mwanaisha, aliulizwa na wazee mbele ya watu: mti wako ni upi? Mwanamke yule alilitazama shamba alilolipalilia tangu alipoolewa, akalitazama mpaka mwisho wake, asionyeshe hata mmoja. Hakuwahi kupanda, alipalilia vya mume. Akaondoka na kitanda chake na vyungu vyake. Hakuna aliyemdhulumu. Abdulrahmani alikumbuka jinsi shauri lile lilivyokwenda kwa utaratibu, bila kelele, na siku yake itakapofika shamba lingekwenda kwa utaratibu uleule kwa mpwa wake wa Mikindani.

Nyumbani alimkuta mkewe Somoe akimenya muhogo. Walikuwa wamezaa mtoto mmoja tu, Zainabu, aliyeolewa mjini na kibarua wa bandari, naye na mumewe walipanga chumba kimoja Magomeni.

"Mama Zainabu, yule mwanamke wako amepanda mikorosho."

Alimwita "mwanamke wako" kwa sababu Somoe alikuwa akishuka bondeni kwa Modesta karibu kila asubuhi, leo na kikapu cha mboga, kesho na chumvi. Kisu cha Somoe kilisimama juu ya muhogo.

"Umeing'oa?"

"Bado. Ijumaa ataulizwa."

Kisu kikaendelea. Ganda lilitoka refu, jembamba, bila kukatika. "Miti haina kosa, Baba Zainabu," alisema.

"Mwenye kosa ni aliyeipanda."

"Labda ana sababu."

"Mwizi hakosi sababu."

Somoe alichukua muhogo mwingine. Abdulrahmani aliona kwamba mkewe, kwa mara ya kwanza tangu amjue, alikuwa amemenya muhogo mwingi kuliko uliohitajika kwa watu wawili.

Siku ya Ijumaa watu walijaa barazani kwa Shabani, wanaume juu ya mikeka, wanawake uani upande wa kivuli. Modesta alikuja na mtoto ubavuni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye chale za ukoo wake kwenye mashavu, na Kiswahili chake kilikuwa kizito kama kilichopakiwa na mwingine. Alipiga goti mbele ya Abdulrahmani.

"Shikamoo, Mjomba."

Neno hilo halikuwa la adabu tu. Modesta alipofika kijijini, Abdulrahmani alimketisha akamtaka ataje bibi zake mmoja baada ya mwingine na mahali walipozikwa, naye alivitaja vyote bila kukwama, mpaka wakafika kwa bibi mmoja ambaye kaburi lake lilikuwa upande huu wa mto na ambaye Abdulrahmani alimjua kuwa wa ukoo wake. Kwa ushahidi huo alimdhamini. Agizo la serikali lilikuwa wazi: mkimbizi asiye na ndugu apelekwe kwenye makazi yaliyotengwa, mbali na mpaka, mwenye ndugu wa kumdhamini akae. Modesta alikaa kwa neno la Abdulrahmani, na mumewe, aliyebaki ng'ambo na bunduki, alijua amtafute wapi vita vikiisha.

"Marahaba," alisema Abdulrahmani. "Ile mikorosho saba, nani aliyeipanda?"

"Siyo yangu, Mjomba."

"Sikuuliza ya nani. Nimeuliza nani aliyeipanda."

Modesta alimhamisha mtoto kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine. "Siyo yangu. Hilo ndilo ninaloweza kusema."

"Umelima pale kila siku. Umeipalilia. Umeiwekea miiba."

"Miiba niliiweka. Mbuzi ni wengi."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilimuudhi Abdulrahmani kuliko jibu. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Hawa wakishapata mti watataka kaburi, wakishapata kaburi watataka msikiti uwe kanisa." Mwingine akamjibu, "Wewe hata msikitini hatukuoni, wauonea wivu wa nini?" Shabani aliinua mkono.

"Mama Modesta, ukisema ni yako utapata adhabu ndogo, utatoa kuku, yataisha. Ukisema siyo yako, miti haina mwenyewe, na Bwana Abdulrahmani ataing'oa. Umefahamu?"

Modesta alitazama uani, mahali walipoketi wanawake, kama mtu anayetafuta maji ya kunywa. Kisha akageuka. "Nimefahamu. Siyo yangu."

Shabani akatoa uamuzi uliozoeleka: isubiriwe mpaka mvua ikatike, mwenye kudai miche ajitokeze adai, asipotokea, mwenye shamba ana ruhusa. Watu wakainuka. Kwa Abdulrahmani jibu la Modesta lilikuwa werevu mtupu. Mtu anayekana mti wake mwenyewe ananunua muda. Mvua hadi mvua, mwaka hadi mwaka, mti unazaa. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne enzi za Mwingereza na alijua kwamba anayekujibu pembeni anajua njia ya katikati.

Juma lililofuata lori la serikali likaja na katibu tarafa, kukusanya wakimbizi wasio na wadhamini. Katibu alipita nyumba hadi nyumba pamoja na Shabani. Walipofika kwa Abdulrahmani, Somoe aliwatangulia mlangoni.

"Baba Zainabu," alisema kwa sauti ndogo, "ukimwacha aondoke, utajuta."

"Nitajutia nini?"

Midomo yake ilifunguka, ikajifunga. "Nani atakulimia kwa ugali?" akasema mwishowe, na wote wawili walijua kwamba silo neno lililokuwa likija.

Katibu alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni. "Mzee, huyu Modesta ni ndugu yako?"

Abdulrahmani aliyakumbuka majina ya wale bibi, moja baada ya moja, na kaburi lile la upande huu. Yalikuwa kweli yote. Hakuna jina hata moja lililobadilika kwa sababu ya mikorosho.

"Nilivyosema mwanzo," alijibu, "sikuwa na hakika."

Shabani alimtazama. Balozi husikia mengi, na si yote anayoyabeba.

Modesta hakubishana. Alifungasha kwa muda mfupi, maana mtu aliyekwisha kukimbia mara moja hujua kipi hakibebeki. Somoe alimletea kikapu cha unga na pande la samaki mkavu, akamsaidia kumpandisha mtoto. Modesta, akiwa tayari ndani ya lori, aliinama akamkabidhi Somoe jembe lake, lilelile alilovuka nalo mto.

"Mama, hili siendi nalo. Kazi haijaisha."

"Nitaimaliza," alisema Somoe.

"Nikiitwa nitarudi kusema."

"Najua, mwanangu."

Abdulrahmani, aliyesimama hatua chache kutoka pale, aliyasikia maneno hayo yote na kuyaona kuwa ni ya wanawake wanaoagana. Alimtolea Modesta mkono. Modesta akaupokea kwa mikono yote miwili, kwa adabu timilifu, na hakumwita Mjomba.

Mvua ilikatika taratibu, kama mgeni anayeaga mlangoni kisha akarudia kiti. Hakuna aliyejitokeza kudai. Asubuhi moja Abdulrahmani alichukua jembe na panga akashuka bondeni. Palikuwa kama alivyotarajia: magugu yamepanda hadi magotini kati ya muhogo, ngiri wamefukua pembeni, kibanda cha Modesta kimeanza kuinama. Kisha akaifikia miche.

Magugu hayakuifikia. Kila mche ulikuwa umepaliliwa na kuinuliwa tuta dogo, miiba iliyooza imebadilishwa kwa mipya, na shina limezungushiwa majivu ya kuzuia mchwa. Alichukua majivu kwa vidole viwili. Jana alasiri ilinyesha manyunyu. Majivu yaliyonyeshewa hushikana yakawa meusi na magumu. Haya yalikuwa meupe, mepesi, yakipeperuka. Yamewekwa leo, baada ya jua kutoka. Na Modesta kwa wakati huo alikuwa mbali, kupita Lindi.

Kwa hiyo hakuwa peke yake. Wazo hilo lilimjia likiwa baridi na safi, na kwa namna fulani lilimfurahisha: alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Kuna mtu wa hapahapa kijijini aliyeshirikiana na mgeni. Alianza kuwahesabu kichwani. Yule mzee wa maneno ya msikiti, ambaye shamba lake linapakana na bonde. Wale wakimbizi wawili waliodhaminiwa na fundi seremala. Shabani mwenyewe, asiye na ardhi, aliyecheka tangu mwanzo na ambaye ndiye aliyetoa uamuzi wa kusubiri. Kadiri alivyolifikiria jina la Shabani ndivyo lilivyozidi kumkaa.

Ndipo alipoona, kwenye njia ya miguu, doa la majivu. Mbele yake jingine. Aliyeyabeba aliyabeba kwenye chombo chenye ufa, na njia nzima ilikuwa imedondoshewa weupe kidogokidogo, kama unga nyuma ya mtu atokaye kinuni.

Abdulrahmani aliliweka jembe begani akafuata. Njia ilipanda kutoka bondeni, ikapita mpaka wa yule mzee jirani. Majivu hayakukata kona. Ikapita nyumba ya fundi seremala. Wakimbizi wake walikuwa uani wakipura kunde, wakamwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Majivu yakaendelea. Ikafika kwa Shabani. Hapo alisimama, kwa sababu alitaka yakate kona. Shabani aliiweka chini pampu ya baiskeli akamuuliza, "Umeangusha nini, Bwana?" Abdulrahmani alisema hakuangusha kitu. Majivu yalipita mbele ya baraza ya balozi, yakazunguka kisima, yakaingia kichochoro ambacho hakikuwa na nyumba nyingine mwishoni isipokuwa moja.

Aliyafuata mpaka mlango wa jiko lake mwenyewe.

Ndani ya jiko mafiga yalikuwa safi. Kando yake palikuwa na kifuu chenye ufa, na jembe la Modesta limeegeshwa ukutani, udongo wa bondeni bado mbichi kwenye ulimi wake. Abdulrahmani alisimama mlangoni kwa muda ambao maji ya chungu yangeweza kuchemka. Aliyarudia yote kwa mpangilio, kama alivyozoea: kisu kilichosimama juu ya muhogo, Modesta akitazama uani, mdomo uliofunguka ukajifunga, kazi haijaisha. Kila kitu kilikuwa mbele yake tangu mwanzo. Alikuwa akikesha akitazama mto, walikotokea wageni.

Somoe alirudi kutoka kisimani, ndoo kichwani. Alimwona alipokuwa, akaona alichokuwa akikitazama. Akaitua ndoo polepole bila kumwaga tone, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, akaanza kukuna nazi.

"Mama Zainabu," alisema Abdulrahmani, "yule mke wa Mjomba Abeid. Mwanaisha. Alikwenda wapi?"

"Unauliza leo?"

"Nauliza."

"Alikaa Mikindani, ukumbini kwa watu. Akitwanga mpunga wa watu." Nazi iliendelea kudondoka ndani ya bakuli. "Alikufa mwaka wa uhuru. Nilikwenda mazishini. Nilikuaga, hukumbuki."

"Hakuwa amepanda kitu."

"Hakuwa amepanda kitu," Somoe alikubali, bila ukali, kama mtu anayethibitisha bei.

Abdulrahmani alitaka kusema kwamba shauri lile lilikwenda kwa haki. Lilikuwa kweli, na kwa mara ya kwanza ukweli ule haukumtosha kusimamia. Alitaka pia kusema kwamba mti bila shahidi si mti, na kwamba shahidi pekee alikuwa amepakiwa kwenye lori kwa neno lake yeye, neno alilolijua kuwa si kweli wakati likimtoka. Hilo nalo hakulisema. Lilikwisha kusemwa kwa namna nyingine mbele ya katibu, na mke wake alikuwepo.

Walikula. Abdulrahmani alilirudisha jembe lake, si ghalani kama siku zote, bali nyuma ya mlango wa chumbani, pamoja na panga. Somoe aliona lilipowekwa.

Alfajiri kulipopambazuka aliamshwa na mkwaruzo. Ulitoka jikoni: kifuu kikikwangua mafigani, kikikusanya, kikisimama, kikikwangua tena. Ruhusa ya balozi alikuwa nayo. Mvua ilikuwa imekatika, na jembe lilikuwa karibu kuliko viatu vyake. Alisikia mlango wa uani ukifunguliwa, kisha nyayo za mtu anayetembea bila kujificha zikielekea bondeni.

Alikuwa macho kabisa. Aligeuka, akautazama mpini wa jembe nyuma ya mlango, akabaki amelala.